Kuunda Timu ya Wataalamu wa Ushauri wa Nishati na Mazingira: Nani Aingie, kwa Siku Ngapi, na Kazi Huharibikia Wapi

Ripoti ya ushauri wa nishati na mazingira ni nadra kuharibiwa na mtaalamu asiyejua fani yake. Mhandisi wa upepo anaujua upepo, mwanaikolojia anawajua ndege, mchumi anaijua mikopo. Mambo huharibika kwenye makabidhiano: namba ya mhandisi inaingia kwenye jedwali la mchumi bila masharti yake, au njia ya umeme inachorwa upya wakati mtaalamu wa jamii ameshamaliza kuhesabu kaya. Anayeunda timu kwa hiyo ana kazi mbili. Kwanza apate watu wanaostahili. Pili, na hii ndiyo inayorukwa na wengi, apange nani anamkabidhi nani kitu gani, lini na kwa vipimo gani. Mwongozo huu unamfaa anayeandaa timu ya kuombea zabuni ya kimataifa, na pia mteja anayetaka kujua kama timu aliyoletewa itaimudu kazi.

Anza na hadidu za rejea, si na watu ulionao

Kampuni nyingi huanza na wasifu uliopo kwenye kompyuta kisha kuutafutia nafasi. Fanya kinyume chake. Soma hadidu za rejea na uandike kila zao linalodaiwa kwenye mstari wake: ripoti, ramani, modeli, mkutano wa wadau, mafunzo. Mbele ya kila zao jaza mambo manne: anayeliandika, anayelikagua, data inayohitajika, na data hiyo inatoka kwa nani. Zao lisilo na mwandishi ni pengo. Zao lenye waandishi watatu nalo ni pengo, maana likikwama hakuna wa kuulizwa.

Kisha pigia mstari kila kiwango kilichotajwa, kwa sababu viwango ndivyo vinavyoamua nani aingie. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lina viwango nane vya utendaji katika toleo lake la 2012. Mfumo wa mazingira na jamii wa Benki ya Dunia, ulioanza 2018, una viwango kumi. Benki nyingi za biashara hufuata Kanuni za Ikweta, za kupima hatari za mazingira na jamii kwenye miradi, zilizoanza 2003. Kila namba ina mtu wake. Mradi ukigusa kiwango cha 5 cha IFC, yaani ardhi na kuhamisha watu, hauhitaji mwanasosholojia wa jumla tu. Unahitaji aliyewahi kuandaa mpango wa makazi mapya kuanzia sensa hadi malipo. Cha 6 kinadai mwanaikolojia anayeweza kutathmini makazi nyeti ya viumbe. Cha 7 kinahusu jamii za wenyeji asilia na ridhaa yao iliyotolewa mapema, kwa hiari na kwa ufahamu. Cha 8, cha urithi wa kitamaduni, kinaweza kukulazimu kumtafuta mwanaakiolojia. Kwenye viwanda, ISO 50002 inaeleza ukaguzi wa nishati unavyofanywa, ilhali ISO 50001 ni mfumo wa kuisimamia nishati kila siku. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayeiweza moja si lazima aiweze nyingine.

Mwisho, angalia leseni. Katika nchi nyingi tathmini ya athari kwa mazingira haipokelewi na mamlaka isipoongozwa au kusainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa huko. Hilo lijulikane kabla ya kutuma maombi, si baada ya kushinda.

Viti vya timu

Kiongozi wa timu si lazima awe bingwa wa fani yoyote kuliko wenzake. Anachohitaji ni uwezo wa kusoma kazi ya kila fani na kuuliza swali linaloumiza: namba hii imetoka wapi, na nini kikibadilika itakuwa si kweli tena? Kiongozi anayejua umeme pekee atazipitisha sura za jamii bila kuzisoma, na mkopeshaji atakuwa mtu wa kwanza kuzisoma kwa makini. Hapo umechelewa.

Upande wa nishati, usikubali cheo cha "mtaalamu wa nishati mbadala" bila kuuliza nishati gani. Umeme jua unataka mtu anayejua data za mionzi, kivuli, uchafu wa paneli na inveta. Upepo unataka anayejua minara ya kupimia na jinsi ya kuunganisha vipimo vya muda mfupi na kumbukumbu za miaka mingi. Maji yanataka mhaidrolojia, na huyu ni tofauti na mhandisi wa ujenzi wa bwawa. Kila mradi unaouza umeme kwenye gridi unahitaji mhandisi wa gridi anayefanya hesabu za mtiririko wa umeme, shoti na uthabiti. Kiti hiki husahaulika mara nyingi mno, na mtambo mzuri uliojengwa mbele ya laini dhaifu huamriwa kupunguza uzalishaji wakati jua limewaka au upepo unavuma.

Upande wa mazingira, tenganisha mratibu wa tathmini na wanasayansi wa fani. Mratibu anajua muundo wa ripoti, sheria na mpango wa usimamizi. Hawezi kutambua popo kwa sauti wala kupima kelele ya usiku. Wanaikolojia, mtaalamu wa maji na mtaalamu wa kelele na hewa huitwa kwa siku chache, lakini lazima waitwe.

Mtaalamu wa jamii awe na timu ya wadodosaji wa jinsia zote mbili wanaozungumza lugha ya eneo la mradi. Mahali ambapo wanawake hawasemi mbele ya wanaume, mkutano mmoja wa hadhara utatoa picha nusu, na nusu inayokosekana ndiyo yenye habari za maji, kuni na mashamba madogo.

Mtaalamu wa gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, ni kiti ambacho watu hudhani kinaweza kukaliwa na yeyote mwenye lahajedwali. Si kweli, na sababu zake zinakuja chini. Mchumi wa miradi, mwanasheria wa nishati na mtaalamu wa ramani hukamilisha safu. Mkaguzi wa ndani wa ubora atajwe kwa jina tangu mwanzo, na asiwe ameandika sura yoyote.

Siku za kazi

Timu ya karatasini hujulikana kwa mgawanyo wa siku. Huu ni mfano wa upembuzi yakinifu wa mtambo wa umeme jua wa ukubwa wa kati pamoja na tathmini yake ya mazingira na jamii: kiongozi siku 30, mhandisi wa umeme jua 25, mhandisi wa gridi 12, mratibu wa mazingira 28, mtaalamu wa jamii 25, mwanaikolojia 15, mchumi 12, mwanasheria 5, mtaalamu wa ramani 8, mkaguzi wa ubora 6. Jumla ni siku 166, na wadodosaji hawamo. Namba zako zitatofautiana na hizi, ila uwiano una la kusema. Ukiona bingwa mwenye jina kubwa amepewa siku tatu kati ya mia na sitini, jua jina lake limekodiwa kupamba maombi. Ukiona kiongozi ana siku kumi, jua hakuna atakayezisoma sura zote.

Gawa siku za kila mtu mara tatu: za uwandani, za kuandika, na za kujibu maoni. Fungu la tatu ndilo linalokatwa bei ikibanwa, na ndilo linalorudi kudai. Rasimu itarudi na maoni ya mteja, ya mkopeshaji na ya mamlaka, kila mmoja kwa wakati wake. Tenga angalau moja ya tano ya siku za uandishi kwa ajili ya maoni hayo.

Majira hayangoji mkataba. Mamlaka na wakopeshaji wengi hudai hali ya awali ya viumbe na maji ipimwe katika kiangazi na katika masika. Mkataba ukisainiwa mvua zinapokatika na mwanaikolojia akaitwa miezi miwili baadaye, msimu umepotea, na ratiba nzima inasogea hadi mvua nyingine. Kwa hiyo mtu wa kwanza kutumwa uwandani awe mwanaikolojia, hata kabla kikao cha uzinduzi hakijaandikiwa muhtasari. Upepo nao unadai miezi 12 kamili ya vipimo kwa uchache. Miezi tisa haitoshi kwa namna yoyote, kwa sababu miezi iliyokosekana huenda ndiyo yenye upepo mwingi au mdogo kuliko yote.

Kuusoma wasifu wa mtu

Kwenye wasifu tafuta vitenzi. "Alishiriki katika", "alichangia" na "alihusika na" havisemi mtu alifanya nini. "Alikokotoa uzalishaji wa mwaka", "aliandika sura ya kelele", "aliongoza sensa ya kaya 400" vinasema. Mpigie simu mtaalamu umwombe aeleze mradi mmoja kuanzia data ghafi hadi namba ya mwisho. Aliyeufanya ataanza mwenyewe kutaja yaliyomsumbua: mita iliyozima, ramani iliyopishana, kaya zilizokataa kuhesabiwa. Ambaye hakuufanya atakueleza mradi ulivyokuwa muhimu.

Mwombe pia tamko lililosainiwa kwamba yupo huru kwa tarehe zilizotajwa na hajaahidiwa kwa mshindani kwenye zabuni hiyohiyo. Jina moja likionekana kwenye maombi mawili, yote mawili yanaweza kutupwa.

Ubora wa watu una faida inayohesabika. Zabuni nyingi za kimataifa huchanganya alama za kitaalamu na za bei, kwa mfano 80 kwa 20. Alama ya bei hupatikana kwa kugawa bei ya chini kabisa kwa bei yako, kisha kuzidisha kwa 100. Tuseme umepata 85 kitaalamu na bei yako ni 500, mpinzani amepata 78 na bei yake ni 400. Alama yako ya bei ni 80, yake ni 100. Jumla yako ni 68 na 16, yaani 84. Yake ni 62.4 na 20, yaani 82.4. Umeshinda ukiwa ghali kwa robo nzima. Kwa mgawanyo huo, kumpunguza mtaalamu mzuri ili kushusha bei ni hasara mara mbili: unapoteza zabuni, na ukiipata unapoteza kazi.

Karatasi ya makabidhiano

Hii ndiyo zana inayostahili kuchukuliwa hata kama mengine yote yatasahaulika. Kila namba, ramani au jedwali linalotoka kwa mtaalamu mmoja kwenda kwa mwingine lisindikizwe na ukurasa mmoja wenye vitu hivi: namba yenyewe na kipimo chake, chanzo cha data na tarehe, dhana zilizotumika, namba ya toleo, kiwango cha mashaka, na sentensi moja inayoanza na "Namba hii haifai tena ikiwa…". Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa kazi. Mtaalamu wa kelele akiandika "haifai tena ikiwa mtambo wowote wa upepo utasogezwa karibu na nyumba kuliko ramani ya toleo la 4", mhandisi hatasogeza mtambo kimyakimya.

Makabidhiano mengine huvunjika kuliko mengine. Haya ndiyo ya kulindwa kwa macho mawili.

Uzalishaji kwenda kwa mchumi. Mhandisi hutoa makadirio yaitwayo P50, yaani kiasi ambacho uwezekano wa kukifikia au kukizidi ni nusu kwa nusu. Mkopeshaji mara nyingi hupima uwezo wa kulipa deni kwa P90, kiasi chenye uwezekano wa asilimia 90 wa kufikiwa. Kama P50 ni gigawati-saa 100 kwa mwaka na mashaka ya jumla ni asilimia 12, P90 ni 100 kutoa mara 1.28 ya 12, yaani takriban 84.6. Mchumi akipewa "100" bila kuambiwa ni ipi, deni litapangwa juu ya umeme ambao huenda usipatikane mwaka mmoja kati ya miwili. Mashaka yenyewe hayajumlishwi hivihivi. Kwa vyanzo visivyotegemeana, kila namba huzidishwa kwa yenyewe, majibu hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla: asilimia 4 ya vipimo, 5 ya kumbukumbu za muda mrefu, 6 ya modeli na 3 ya upotevu hutoa kipeuo cha pili cha 86, kama asilimia 9.3, si 18.

Kwa upepo, kumbuka kwamba nguvu iliyomo huenda na kasi kwa kipeo cha tatu. Kasi ya wastani ya mita 7.0 kwa sekunde badala ya 6.5 inaonekana ni tofauti ndogo, lakini nguvu iliyomo kwenye upepo inapanda kwa takriban robo. Umeme unaotoka haupandi kiasi hicho chote, kwa sababu mtambo una kikomo chake, ila bado unapanda vya kutosha kupindua hesabu za mkopo. Kipimaupepo kilichofungwa vibaya kwenye kivuli cha mnara kinatosha kuleta kosa hilo.

Ramani ya mitambo kwenda kwa mazingira na jamii. Mhandisi hurekebisha ramani kila anapopata data mpya, na kwake ni jambo la kawaida. Kwa wenzake kila sogezo ni kazi upya. Umbali kati ya mtambo na nyumba ukipungua nusu, kelele huongezeka kwa takriban desibeli 6. Njia ya umeme ikihamishwa mita 200, inaingia kwenye mashamba ya watu ambao hawakuhesabiwa, wakati sensa ilishafungwa kwa tarehe ya ukomo. Watu hao watakuwa na haki ya fidia bila kumbukumbu, na migogoro huanzia hapo. Weka tarehe ya kugandisha ramani. Baada yake, badiliko lolote lipite kwa kiongozi, na kiongozi aandike ni sura zipi zitafunguliwa tena na kwa siku ngapi.

Mifumo ya ramani yenyewe nayo ina mtego. Faili mbili zilizotumia msingi tofauti wa viwianishi zinaweza kupishana kwa mamia ya mita, na kwenye kioo kila moja inaonekana sawa. Mtaalamu wa ramani atangaze mfumo mmoja siku ya kwanza na kukataa faili isiyotaja mfumo wake. Afanye vivyo hivyo na saa: kirekodi kimoja kikiandika saa za kimataifa (UTC) na kingine saa za mahali, mwanga wa jua utaonekana ukiwahi au kuchelewa dhidi ya matumizi ya umeme, na hesabu ya betri itakuwa ya uongo.

Nishati kwenda kwa gesijoto. Itifaki ya Gesijoto inagawa utoaji wa gesi hizo katika mafungu matatu: unaotoka moja kwa moja kwenye mali za kampuni, unaotokana na umeme na joto lililonunuliwa, na unaotokea kwingineko kwenye mnyororo wa thamani, wenye makundi 15. Mkaguzi wa nishati huhesabu kwa kiwanda, mtu wa gesijoto huhesabu kwa kampuni, na mipaka hiyo miwili hailingani. Jenereta ya dizeli ndiyo inayokosewa kuliko vyote: umeme wake unaorodheshwa pamoja na umeme ulionunuliwa, huku dizeli yake ikihesabiwa pia kwenye fungu la kwanza, na kaboni ileile inaingia mara mbili.

Hesabu ya dizeli yenyewe ni hii. Kilo moja ina megajuli 43 za joto halisi, lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.84, kwa hiyo lita ina kama megajuli 36.1. Kwa kipengele cha gramu 74.1 za hewa ukaa kwa megajuli, lita moja hutoa takriban kilo 2.68. Ukiona ripoti yenye 2.1 au 3.4, simama hapo na uulize. Kwa gesi asilia kuna shimo jingine: ankara nyingi hutaja joto la jumla, linalojumuisha hata joto linalobaki kwenye mvuke wa moshi, wakati vipengele vya kaboni vya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, huhesabiwa kwa joto halisi, yaani bila joto hilo la mvuke. Tofauti kati ya hayo mawili ni takriban asilimia 10 kwa gesi asilia na kama 5 kwa dizeli na makaa. Asiyeuliza ankara inasema lipi atakosea kwa kiasi kinacholingana na punguzo zima ambalo kampuni ilijiwekea kama lengo.

Mhandisi kwa mhandisi. Mmoja anapendekeza kuziba uvujaji wa hewa ya kompresa na kuokoa asilimia 20, mwingine kushusha shinikizo na kuokoa 7. Ripoti inajumlisha 27. Lakini hatua ya pili inaokoa kutoka kwenye kilichobaki: 0.80 mara 0.93 ni 0.744, yaani akiba ni asilimia 25.6. Pengo ni dogo kwa hatua mbili. Kwa hatua nane linakuwa kubwa, na mteja akishalipia vifaa huona akiba aliyoahidiwa haipo.

Uwandani: vipimo vinavyodanganya

Kwenye ukaguzi wa kiwanda, rekodi umeme kwa angalau siku saba mfululizo ili mwisho wa juma uingie. Dakika 15 kwa kila kipimo zinatosha kwa jengo zima. Kwa kompresa shuka hadi sekunde 10 hivi, kwa sababu mashine hubeba mzigo na kuuachia ndani ya dakika chache, na wastani wa dakika 15 utauficha mzunguko huo wote.

Kabla fundi hajaondoka kwenye kabati la umeme, asome nguvu ya kila fezi peke yake. Transfoma ndogo ya kupimia mkondo ikivishwa kinyume kwenye fezi moja, fezi hiyo itaonyesha alama ya kutoa, na jumla kwenye mzigo uliosawazika itakuwa moja jumlisha moja toa moja: theluthi ya nguvu ya kweli. Kama kirekodi kinahifadhi jumla tu, wiki nzima ya data inaonekana safi na yote ni ya kutupwa. Kosa la pili ni kuvisha transfoma ya fezi ya kwanza huku waya wa volti ukiwa wa fezi ya pili. Dalili yake ni kipengele cha nguvu (uwiano wa nguvu inayofanya kazi na nguvu yote inayovutwa) kisichoaminika, kwa mfano 0.2 kwenye mota inayofanya kazi kwa mzigo kamili. Ukaguzi wa dakika mbili, pamoja na picha ya kabati na kioo cha mita, unatosha.

Uvujaji wa hewa pimeni kiwanda kikiwa kimesimama na kompresa moja ikiwaka. Hesabu muda wa kubeba mzigo na muda wa kuuachia kwa mizunguko kadhaa. Ukipata wastani wa dakika 2 za mzigo na 6 bila mzigo, uvujaji ni 2 gawanya kwa 8, robo ya uwezo wa kompresa. Karibu na shinikizo la bari 7, kila bari moja unayoshusha hupunguza umeme wa kompresa kwa takriban asilimia 7, lakini ulizeni kwanza mashine ya mwisho kwenye bomba inahitaji bari ngapi. Feni na pampu za kusukuma kwa mzunguko zina akiba kubwa zaidi: kasi ikishuka kwa asilimia 20, nguvu inashuka hadi karibu nusu, 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ikiwa 0.512. Pampu inayopandisha maji mlimani haifuati kanuni hiyo kikamilifu, maana sehemu ya kazi yake ni kimo ambacho hakibadiliki. Mhandisi asiyetofautisha hizo mbili asiachiwe kuahidi akiba.

Akiba ikishaahidiwa, itapimwaje? Itifaki ya kimataifa ya kupima na kuthibitisha akiba, IPMVP, ina njia nne, A hadi D. Njia ya C hutumia mita kuu ya kiwanda kizima na inavutia kwa urahisi wake, lakini akiba ikitarajiwa kuwa chini ya asilimia 10 ya matumizi yote hupotea ndani ya mabadiliko ya kawaida ya uzalishaji na hali ya hewa. Hapo pimeni kifaa chenyewe.

Ukaguzi wa ndani

Weka jedwali moja la namba kuu: uwezo wa mtambo, hekta, kilomita za laini, idadi ya kaya, gharama, uzalishaji wa mwaka. Lina mtunzaji mmoja, na sura zote huchukua namba humo. Kabla ya kuwasilisha, mkaguzi apitie ripoti zote akitafuta namba hizo tu. Kuona megawati 50 kwenye sura ya ufundi na 48 kwenye mpango wa mazingira ni jambo la kawaida, kwa kuwa zilikuwa kweli kwa miezi tofauti.

Kisha achague namba moja muhimu ya hitimisho na kuirudisha nyuma hatua kwa hatua hadi data ghafi, kwa mikono yake, bila kumwuliza mwandishi. Njia ikikatika popote, sura hiyo haijakamilika. Asome pia mpango wa usimamizi wa mazingira akiuliza kila hatua: nani ataifanya, lini, kwa gharama gani, na itathibitishwaje? Sentensi kama "vumbi litadhibitiwa" inarudi kwa mwandishi. Mpangilio wa hatua nao uangaliwe: kwanza kuepuka madhara, kisha kuyapunguza, kisha kurejesha, na kufidia kuwe mwisho. Mpango unaoanza na kupanda miti mahali pengine umeruka ngazi tatu.

Acha siku 10 za kazi kati ya sura ya mwisho na tarehe ya kuwasilisha. Zikiwa mbili, mkaguzi atasahihisha tahajia tu.

Mikataba na mgongano wa maslahi

Mtaalamu wa nchi ya mradi aingie mkataba akiwa mwandishi wa sura anayotajwa kwa jina, si mkusanya data. Ndiye atakayeitwa na mamlaka kujibu maswali timu ikishaondoka. Kila mkataba mdogo useme nani anamiliki data, bima ya dhamana ya kitaaluma inafika wapi, na mtaalamu akiondoka atabadilishwa na mwenye sifa sawa au zaidi kwa idhini ya mteja.

Kampuni iliyosanifu mtambo isikubali kuwa mhandisi huru wa mkopeshaji kwa mtambo huohuo. Aliyeandaa nyaraka za mradi wa kaboni hawezi kuzithibitisha. Angalieni hilo kwa kampuni dada na kwa wataalamu wa muda pia, kwa sababu mgongano huingia kupitia mtu mmoja aliyefanya kazi upande wa pili miaka miwili iliyopita.

Kabla ya ankara ya mwisho, kabidhini mteja mafaili yanayofunguka na kuhesabu: majedwali yenye fomula zake, data ghafi za mita pamoja na picha za ufungaji, tabaka za ramani na mfumo wake wa viwianishi, dodoso zilizofichwa majina, na karatasi zote za makabidhiano kwa mpangilio wa tarehe. Mfanyakazi mmoja wa mteja akae na timu siku nzima na kuiendesha modeli mwenyewe. Abadilishe bei ya umeme na uzalishaji, aone matokeo yanasogea wapi, na aulize kila anapokwama wakati wenye kazi bado wapo mezani.